Alikuwa Mnero

Video yenyewe ilikuwa fupi, lakini iliiwasha Ruangwa nzima. Bibi mmoja wa kijiji cha Kiegei, kitenge kichwani, anaitazama kamera kwa mashaka, kisha anasema: "Jenerali alikuwa Mnero. Nilimfunika shuka mimi mwenyewe." Basi; na Mnero ni kijiji cha huku huku. Felisian, mwenye duka la kutoa kopi pale stendi, aliikata hapo, akaitia muziki wa kutisha, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: HAKUFA.

Jenerali mwenyewe ni Sabwela, aliyeikamua nchi ya Lukwanda mpaka waasi wakaichoma ikulu yake, zamani, kabla hata mwalimu Zulekha hajazaliwa. Serikali mpya ilionyesha taya lililookotwa kwenye majivu, lenye jino la dhahabu, ikasema ndiye. Dunia ikaridhika. Felisian hakuridhika, na kutoridhika ndiko kulikomletea watazamaji.

"Taya," alimwambia Zulekha, aliyemfuata dukani, huku akipanga karatasi kwenye mashine. "Nani alilitambua? Wale wale waliomchomea nyumba. Daktari wake wa meno hakuulizwa. Mimi nikikuletea paja la kuku nikasema ni jogoo wenu, utalia?"

"Na wewe una nini? Bibi mmoja na shuka."

"Bibi anaongea, madam. Taya haliongei."

Zulekha hakuwa amekuja kutetea historia. Wiki ile watu walianza kusimama kwenye uzio wa baba yake, mzee Adinani, simu mkononi, wakisema ndiye Jenerali. Juzi jiwe liliangukia bati. Mzee Adinani alikuwa wa rika la Jenerali, na aliingia Ruangwa muda mfupi baada ya ikulu ile kuungua. Alijiita Mmakua wa ng'ambo ya Ruvuma, lakini Wamakua wenyewe walipomsikia akiongea walitazamana. Hakupenda kupigwa picha. Alilala ameketi, mgongo ukutani, uso mlangoni. Yote hayo Zulekha aliyajua tangu utotoni, akiyachukulia kuwa tabia ya baba tu. Sasa kila alipotoka Nachingwea, anakofundisha Kiswahili, kuja kumwona, alijikuta akimchungulia mzee anaposukutua, akitafuta jino la dhahabu. Hakuliona. Lakini jino hung'olewa.

Tumaini lake lilikuwa herufi moja. Marehemu mama yake alikuwa Myao, na sauti ya f ilimshinda maisha yake yote. "Kuku amekuwa," alikuwa akisema, na Zulekha mdogo akauliza amekuwa nini. Amekuwa, basi, tumzike. Kwa Kiyao, kuwa ndiko kufa, naye bibi wa Kiegei ni Myao.

"Alikuwa, alikufa," Felisian alicheka. Yeye ni mtoto wa watumishi waliohamishiwa huku kutoka Bukoba, na Kiyao hakijui hata cha kuombea maji. "Herufi moja ndiyo unataka kumwokolea mzee?"

"Herufi moja ndiyo uliyomtia nayo matatani. Twende Kiegei. Bibi akisema alikufa, unaifuta."

"Na akisema alikuwa mzima?"

Swali hilo ndilo lililomnyima Zulekha usingizi.

Walikwenda kwa pikipiki ya Felisian, wakibishana njia nzima.

"Hata mgonjwa wa homa hufunikwa shuka," Felisian alisema.

"Mpaka usoni?"

"Hakusema usoni."

"Alisema nini baada ya hapo? Wewe ndiye uliyekata."

"Baada ya hapo aliniomba sukari."

Bibi Mwanawetu walimkuta akigeuza makopa ya muhogo juu ya mkeka. Zamani alikuwa mfuaji wa mashuka kwenye zahanati moja kule Mnero. Aliipokea shikamoo ya Zulekha vizuri; ya Felisian aliipokea akiitazama simu iliyokwisha kuelekezwa kwake.

"Umekuja tena na kidude chako."

"Cha kazi, bibi."

"Kazi gani ya kunyoosha mkono kama unaomba."

Zulekha alichuchumaa, akachukua kopa moja na kuligeuza, apate cha kufanya na mikono yake. Akauliza kwa Kiyao cha mama yake, kilichojaa kutu: yule Jenerali, alikuwa, au alikuwa?

Bibi alimshangaa. "Awile," akasema.

Zulekha alilirudisha kopa mkekani. Akamgeukia Felisian. "Awile. Amekufa. Alikufa Mnero. Umesikia?"

"Muulize alijuaje."

Bibi hakungoja kuulizwa. Jenerali aliletwa usiku ana risasi ya tumbo, alisema, na kufika alfajiri alikwisha kupoa. Shuka lilimfunika mpaka juu ya kichwa. Zulekha alitafsiri neno kwa neno, sauti ikimpanda kwa furaha. Felisian alinuna, lakini hakuizima simu.

"Kiyao chako cha nani?" bibi aliuliza. "Mtoto wa nani wewe?"

"Wa mzee Adinani, wa Ruangwa."

Mikono ya bibi ilisimama juu ya makopa. Kisha aliongea kwa Kiyao, taratibu, macho chini. Adinani yule aliyekosa kidole cha mwisho mkono wa kushoto? Yule mrefu, aliyemleta Jenerali, akasimama mlangoni na bunduki ndani ya koti? Adinani ndiye aliyewaambia wafuaji kwamba atakayelitaja jina lake atamrudia. Wenzake wa kufua wamekwisha wote. Yeye bibi humtaja Jenerali, maana wa chini ya udongo harudi. Huyo wa mlangoni hajamtaja kwa mtu yeyote, hata kwa mumewe. Zulekha amwambie hivyo baba yake.

Mkono wa baba, wenye vidole vinne, ndio uliomshika Zulekha siku ya kwanza ya shule. Kidole kilikatwa na mashine ya kusaga, alimwambia.

"Kasema nini?" Felisian aliuliza.

"Ananiuliza habari za nyumbani."

"Salamu ndefu hiyo."

"Wayao husalimiana hivyo."

Felisian aliitazama simu. Sekunde bado zilikuwa zinahesabika kwenye kioo, na Nachingwea ina Wayao kila kona, wenye masikio na wenye bando. Bibi naye aliinua uso, akamtazama Zulekha kwa mara ya kwanza kama mtu anayeomba. Akauliza kitu kimoja tu, kwa Kiyao: huyo baba yake bado anaishi?

Zulekha alimwona yule bibi jinsi alivyoushika ukingo wa mkeka. Jibu lilimtoka kabla hajalipima.

"Awile," alisema.

Bibi aliuachia mkeka. Alishusha pumzi ndefu, akafuta macho kwa ncha ya kitenge, na kwa Kiswahili akawakaribisha wakae, awaletee maji.

Felisian hakukaa.

"Neno hilo sasa nalijua, madam," alisema. "Nani mwingine amekufa?"