Mahadhi ya Eufrasia

Mwalimu Pantaleo alikuwa nyuma ya nyumba akitia jembe mpini mpya aliposikia wimbo wa marehemu mkewe.

Sauti yenyewe haikuwa ya marehemu. Ilikuwa nzito, ya mtu aliyeinamia kinu. Lakini mahadhi yalikuwa ya Eufrasia: yalipanda taratibu, yakasita, kisha yakashuka kwa hadhari kama mwanamke anayeteremka mlima na mtungi kichwani. Eufrasia aliuanza wimbo ule mwezi aliofariki, akiwa na mimba kubwa. Hakuwahi kuumaliza, wala hakumwimbia mtu mwingine ila mumewe.

Pantaleo alizunguka nyumba. Jikoni hapakuwa na mtu ila Limi, mke aliyemwoa baada ya kukaa mgane kwa miaka kadhaa. Limi alitoka Mwakitolyo, upande wa Shinyanga. Alikuja Geita akiwa bibi arusi, na Eufrasia hakupata kumwona hata mara moja.

"Wimbo huo umeutoa wapi?"

Limi akaacha kutwanga. "Wimbo gani, Mwalimu?"

"Huo uliokuwa ukiimba sasa hivi."

"Nilikuwa naimba?" Alimtazama kama mtu anayeshuku kwamba anataniwa. "Mimi nilikuwa nawaza mambo ya kuni."

Pale misheni alikofundisha, watu walimjua Pantaleo kama mtunzi. Nyimbo zake ziliimbwa mpaka Kahama, na wachimbaji waliokuja kutafuta dhahabu kutoka kila pembe ya Tanganyika walizibeba makambini mwao. Ukweli ni kwamba maneno tu ndiyo yalikuwa yake. Mahadhi yalikuwa ya Eufrasia. Alikuwa akipalilia pamba au kupepeta mtama, mara yanamjia, naye Pantaleo anakimbilia kinanda cha kanisani kabla hayajapotea, anayapangia sauti nne na kuyaandika. Eufrasia hakuona kwamba ametunga kitu. Kwake ilikuwa kama kupumua. Kisha akafa akijifungua, yeye na mtoto. Tangu siku hiyo Pantaleo alikuwa ametunga nyimbo chache ambazo hazikuwa na kosa lolote, na ambazo hakuna mtu aliyeziimba baada ya kutoka kanisani. Padri, kwa upole wake, alikuwa bado anamwomba wimbo mpya, maana Agosti ya mwaka ule wa 1953 askofu angekuja kubariki kanisa jipya.

Sasa Pantaleo akaanza kuvizia. Aligundua kwamba wimbo ulimjia Limi pale tu mikono yake ilipokuwa na kazi na akili yake iko mbali. Kwa hiyo akawa analeta mahindi ya kutwanga hata kama unga ulikuwapo, kisha anakaa nyuma ya ukuta na karatasi magotini. Kila mara wimbo ulisogea mbele kidogo kuliko jana yake. Alianza kula vizuri. Alimnunulia Limi khanga. Na Limi, ambaye tumbo lake lilikuwa limeshaanza kuonekana, alidhani kwa muda kwamba mumewe amempenda.

Mchana mmoja alimkuta pale nyuma ya ukuta. Hakukasirika. Alisimama tu, mkono kiunoni, akisema polepole kama mtu anayepiga hesabu ngumu.

"Nikiimba, unanitazama. Nisipoimba, hunioni."

"Limi, huelewi. Ni kwa ajili ya kanisa."

"Usiku naogopa kulala, Mwalimu. Nikiamka koo linauma, na sikumbuki nimesema nini."

Pantaleo alimwambia asali rozari. Kesho yake akaleta tena mahindi.

Julai ilipokaribia, mama yake Limi alikuja kumchukua binti yake akajifungulie nyumbani, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza. Mkwe na mkwe hawatazamani, kwa hiyo mama yule aliketi upande wa pili wa mlango, akampa Pantaleo mgongo, na kuongea akiwa ameelekea uani.

"Huyo aliyetangulia alikufa akizaa. Ndivyo?"

"Ndivyo, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Na alikuwa anauimba wimbo huu?"

"Huu huu."

"Umekwisha?"

"Bado mstari wa mwisho."

"Basi namchukua kabla haujakwisha."

Pantaleo alikuwa amefundisha watoto wengi wa katekisimu kwamba masamva, yaani roho za waliokufa, hawana nguvu juu ya mtu aliyebatizwa. Alifungua kinywa aseme vivyo hivyo. Badala yake akamletea Limi furushi lake. Akasimama mlangoni akiwatazama wanawake wale wawili mpaka walipopotea kwenye mashamba ya mtama.

Nyumba ilinyamaza. Akakipiga kinanda cha kanisani, akajaribu kuumalizia wimbo mwenyewe, na kila mwisho aliouweka ulikataa kukaa. Askofu alikuwa njiani. Mwishowe alimwambia padri kwamba anakwenda kumjulia hali mkewe, akapanda lori la pamba, na alipofika mahali barabara ilipogawanyika akashuka, akaazima baiskeli. Mfukoni alikuwa na karatasi yenye wimbo wote ila mstari ule mmoja. Hakuwa amebeba kitu kingine.

Alifika Mwakitolyo jua likiwa limepinda. Baba mkwe, mzee Mageni, alimpa kigoda karibu na zizi.

"Ameanza uchungu tangu jana," alisema mzee. "Mtoto hataki kutoka."

Ndani ya nyumba wanawake walikuwa wakinong'ona. Kisha wakanyamaza wote kwa pamoja, na Limi akaanza kuimba.

Aliuanza wimbo mwanzo kabisa. Pantaleo alitoa karatasi, akaitandaza gotini, kalamu ya risasi tayari. Mstari wa kwanza. Wa pili. Sauti haikuwa nzito tena. Ilikuwa nyembamba, nyepesi, na pale ilipopanda ilikwaruza kidogo, kama Eufrasia alivyokuwa akikwaruza siku zote tangu alipougua kifua. Wimbo ukafika pale unaposita, na yeye akajikuta ameinama mbele, anasubiri, anautamani mstari ule uje.

Hapo ndipo alipotambua kwamba tangu aketi hakuwa amemwaza Limi hata mara moja.

Aliinuka. Karatasi ilianguka kwenye samadi. Akaenda moja kwa moja hadi mlangoni, mahali ambapo mwanamume haruhusiwi, mkwe ndiyo kabisa, na akaita kwa nguvu zote.

"Limi. Limi, ng'wana Mageni."

Mama mkwe aligeuka, akaona ni yeye, akafunika uso kwa khanga. Lakini hakumfukuza.

"Limi, ni mimi Pantaleo. Kuku wako wa madoa ametotoa. Ile khanga uliiacha kwenye kamba, nimeianua. Jirani anauliza lini utarudi. Limi, unapenda viazi vya kuchoma, unavila na maganda yake."

Aliendelea kusema kwa sauti kubwa kuliko wimbo ule, akiufunika. Aliishiwa haraka, aliona aibu jinsi mambo aliyoyajua kuhusu mke wake yalivyokuwa machache. Akayarudia yale yale. Kuku, khanga, viazi. Ndani, sauti ile nyembamba iliyumba, ikakatika. Pakawa kimya. Halafu Limi akapiga ukelele kwa Kisukuma, akimwita mama yake, kwa sauti yake nzito mwenyewe.

Mtoto wa kike alizaliwa kabla ng'ombe hawajarudi.

Siku ya kubariki kanisa, kwaya iliimba wimbo wa zamani. Padri alipouliza kuhusu ule mpya, Pantaleo alijibu kwamba mwenye wimbo hakuumaliza. Hakutunga tena. Alifundisha nyimbo za wengine mpaka mvi zilipomwota, na kwenye mazoezi wanakwaya walimwona mara nyingine akinyanyua kichwa, akisikiliza kitu ambacho hawakukiimba.

Mama yake Limi alitaka mtoto apewe jina la marehemu, ili aliyekuwa akibisha hodi apate pa kukaa. Limi hakukubali wala hakukataa.

"Kwanza nimjue," alimwambia Pantaleo, mtoto akinyonya. "Alikuwaje?"

Pantaleo akaanza kumweleza kuhusu nyimbo.

"Si nyimbo," alisema Limi. "Yeye."

Pantaleo aliketi kando yake. Kisha akasema kwamba Eufrasia aliwaogopa bata. Kwamba alipenda ukoko wa ugali, na akikasirika alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Limi alimsogeza mtoto kwenye titi la pili.

"Endelea," alisema.