Mume wa Kwanza wa Vatsala

Mume wa kwanza wa mke wangu bado yu hai, na anakaa kando ya barabara, mkabala na shamba langu la vitunguu. Ni mkuyu. Ni mmoja wa ile mikuyu ya kwetu inayoshusha mizizi kutoka matawini mpaka ardhini, kila mzizi ukageuka shina, hata hujui mti ulianzia wapi. Ukitoka kijijini kwetu Nandwadi kwenda mjini utaikuta imejipanga upande wa kushoto, imepandwa zama za wafalme ili msafiri asiungue na jua. Wa kwake ndio mkubwa kuliko yote. Hata hapo nilipunjwa.

Mambo yalikuwa hivi. Vatsala alizaliwa chini ya Mirihi, na mnajimu akamwambia baba yake kwamba mume wa kwanza wa binti huyu hatadumu. Dawa ya jambo hilo kwetu inajulikana. Asubuhi ya arusi yetu walimpeleka penye mkuyu, kuhani akasoma, wakamzungushia uzi yeye na shina, wakawaozesha. Jioni akaozwa kwangu. Nuksi ibaki kwa mti, mwanamume apone. Mimi nilikuwa dereva wa basi la serikali, kijana mwenye masharubu ya kutazamika, nikakuta nimetanguliwa na gogo. Watu wa Nandwadi hawajaniacha na jambo hilo mpaka leo.

Wala sikunyamaza. Kila nilipopita pale na basi nilimpigia honi na kumsalimu kwa sauti, "Umeamkaje, mume mwenza!" Abiria wakacheka, nami nikakanyaga mafuta.

Kila mwaka, mwezi ukiwa mpevu kabla ya mvua kuanza, wake wote wa kwetu huzunguka mkuyu na uzi mweupe, wakiomba wapewe mume yule yule kwa maisha saba, maana kwetu mtu hufa akazaliwa tena. Wengine huenda kwenye mti wowote ulio karibu. Vatsala hakuzunguka mwingine ila ule.

"Leo umemwombea nani?" namwuliza akirudi. "Mimi au yule?"

"Kamwulize mwenyewe."

"Na maisha saba na mimi hayatakuchosha?"

"Hili la kwanza tu limenichosha, Baba Sandeep."

Sandeep ni mwanetu, yuko Pune, jiji la mbali. Na hilo ndilo jina ninaloitwa nyumbani, kwa sababu mwanamke wa rika la Vatsala hamtaji mumewe kwa jina lake. Kumtaja ni kumpunguzia umri. Ruhusa ipo kwenye shughuli tu, tena jina lifichwe ndani ya mistari miwili ya vina na wanawake wenzake wamshangilie. Vatsala alinitaja siku ya arusi, kwa kuwa dada zangu waliziba mlango na kukataa aingie mpaka ataje. Baada ya hapo, kwenye kila shughuli, zamu yake ikifika, anashikwa na kikohozi.

Basi likaja suala la barabara. Watu wa serikali walipita wakaipiga mikuyu yote alama za rangi nyekundu, ikatwe barabara ipanuliwe. Mimi nilifurahi, sifichi. Barabara ile naijua kama ninavyoijua sahani yangu. Mabasi mawili yakikutana, moja lazima lishuke kwenye vumbi, na wapo wenzangu walioshuka wasipande tena. Nikasema ipanuliwe, ipanuliwe hata kesho. Vatsala alikuwa akipepeta mtama. Aliweka ungo chini, akajifunga ushungi, akatoka bila kusema neno. Mwanamke akigomba, ujue mna amani bado. Akinyamaza, tafuta pa kulala.

Kesho yake wanawake wa Nandwadi walikuwa wameketi chini ya mikuyu na makopo yao ya chakula, mikate ya mtama na pilipili ya kusaga, mashine zikafika zikakosa pa kukanyaga. Mbele yao Vatsala, na pembeni yake jirani yetu Hirabai, ambaye mdomo wake peke yake unatosha kuzuia tingatinga. Mimi niliwapelekea chai. Vita ni vita, lakini mke ni mke.

"Shemeji," Hirabai akaniambia, "umeleta chai au umekuja kumuaga mtalaka?"

"Hawajaachana," nikasema. "Hilo ndilo tatizo langu."

Vatsala akapokea chai bila kunitazama.

Mhandisi wa mradi, kijana mmoja mpole aitwaye Phadtare, alikuja nyumbani jioni hiyo. Akanieleza kwamba njia nyingine ipo. Barabara inaweza kuhamia upande wa pili, mikuyu ikabaki, lakini itapita katikati ya shamba. Shamba lenyewe ni langu. Fidia ya serikali ni ya kununulia machozi, na kiinua mgongo changu chote cha udereva nilikizika kwenye udongo ule. Nikakataa. Vatsala alikuwa jikoni anasikia.

"Mti ni wa serikali, shamba ni langu," nikamwambia Vatsala mgeni alipoondoka. "Sandeep atakuja kulima nini?"

"Sandeep hajui jembe lina ncha ngapi."

"Na mimi je?"

"Wewe unalima kwa mdomo, Baba Sandeep."

Pilipili aliyotia kwenye dengu jioni ile ingemwamsha maiti. Nikala, nikatoka jasho, nikasema ni tamu. Lakini msimamo wangu haukubadilika. Mwanamume gani anatoa shamba lake kumwokoa mume mwenza?

Ikaja siku ya kusikiliza mapingamizi, kwenye uwanja wa shule. Phadtare aliketi nyuma ya meza na chupa yake ya maji, watu wakasema. Mmoja akasema kivuli, mwingine ndege, mwalimu mstaafu akasema wafalme mpaka watu wakasinzia. Phadtare akajibu kwa adabu kwamba kwa kila mkuyu utakaokatwa, itapandwa miche kumi.

"Mwanangu," Hirabai akadakia, "ukinichukulia mume wangu ukaniletea watoto wachanga kumi, utakuwa umenisaidia nini?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, hata Phadtare akafunika mdomo. Kisha akasema lililo zito. Maneno yote ameyasikia, lakini pingamizi linalopimwa ni la mtu anayeumizwa yeye mwenyewe mti ukikatwa. Kama hayupo, mashine zitaanza Jumatatu.

Vatsala akasimama.

"Mimi."

"Mti una uhusiano gani na wewe, mama?"

"Ni mume wangu."

Waliocheka walikuwa wengi, nami nilikuwa mmoja wao. Phadtare hakucheka, pengine alikuwa na bibi kijijini. Akauliza, "Na huyu mwingine? Niandike mke wa nani?"

Vatsala akainamisha kichwa. Phadtare akasubiri, kalamu mkononi. Nikaanza kuinuka nimsaidie, maana jina langu mimi naruhusiwa kulitaja. Bila kugeuka akaninyooshea kiganja, nikakaa. Akavuta ushungi, akakohoa, na safari hii kikohozi kilikuwa cha kusafisha koo.

"Mti umeshika kifo, tangu ile ndoa yangu;
Ukatwe, kiende wapi? Kwa huyu Dagadu wangu?"

Wanawake walipaswa kushangilia. Hakuna aliyeshangilia. Hirabai alijifuta macho kwa ncha ya nguo yake.

Mimi mambo ya nyota siyaamini. Nimeendesha basi maisha yangu yote, na naamini breki. Habari ya Mirihi niliijua tangu mwanzo, lakini niliifanya mzaha, na sikuwahi kukaa nikafikiri kwamba kwa Vatsala nuksi ile ingali mle ndani ya shina, na kwamba kila mwaka alipozungusha uzi alikuwa akiifunga isitoke ikanifuata. Nilidhani anampenda yule. Na kikohozi kile cha kwenye shughuli, nilidhani ni aibu tu. Kumbe hata umri wangu alikuwa akiubania matumizi, na leo ametoa sehemu mbele ya kijiji kizima ili aokoe uliobaki. Nililia pale pale, na masharubu yangu yote.

Nikainuka.

"Bwana Phadtare, pitisha upande wangu. Chukua shamba."

"Mzee, ulikataa."

"Nilikataa nikiwa sijui nakataa nini. Andika kabla sijaanza kuvihurumia vitunguu."

Akaandika. Kisha akainua macho. "Na wewe nikuandike una uhusiano gani na mti?"

"Ni mume mwenzangu," nikasema. "Yeye mkubwa, mimi mdogo."

Hapo ndipo wanawake walipopiga kelele za shangwe, na Phadtare akakunjua ramani yake mezani, akafuta mstari mmoja, akachora mwingine mbele yetu sote, katikati ya vitunguu vyangu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, kwa njia ya mikuyuni. Tulipofika kwa mwenyewe Vatsala alisimama, akamfuta ile rangi nyekundu kwa ncha ya nguo yake, isitoke. Mimi sikuwa na honi, nikamwamkia kwa mikono miwili kama anavyoamkiwa mkubwa.

"Vitunguu vyako jamani," Vatsala akasema.

"Achana navyo. Nitaje tena."

"Hunitii kwenye matatizo tena, Baba Sandeep."

"Mara moja tu. Hakuna anayesikia."

Akatazama juu kwenye matawi, akatazama huku na huku barabarani, akaanza kutembea.

"Ngoja maisha yajayo," akasema. "Yamebaki sita."