Bibi Namba Thelathini na Moja

Kila Aprili watoto wa shule yetu hapa Zwolle, Uholanzi, hufanya mtihani wa baiskeli mitaani. Mimi, muuguzi mstaafu, hupewa kona ya darajani, pale wanapokata kushoto. Natazama nani kageuza shingo, nani kanyoosha mkono kuonyesha anakokata, naandika. Watoto wananiogopa, na mimi nafurahi wakiniogopa.

Mwaka huu watoto walikuwa thelathini. Wa thelathini na moja alikuwa jirani yangu Aaltje, miaka themanini na miwili, kavaa kizibao cha namba kama wenzake.

Yote ni ubishi wake na bintiye, Renske. Februari Aaltje alianguka kwenye barafu, na tangu hapo binti kashikilia uzi uleule: baiskeli iuzwe.

"Nitakupeleka sokoni kwa gari, mama."

"Kwa gari! Lizunguke mji mzima, wakati baiskeli inakatiza hapo darajani dakika nne? Watu watadhani ni maziko yangu!"

Wakakubaliana: akifaulu mtihani wa watoto, baiskeli inabaki. Kosa moja tu, inauzwa. Jamani, Aaltje bila baiskeli! Niliwaza atanyauka kabla ya Juni.

Renske akaja kusimama ubavuni mwangu. "Usimpendelee, Mama Hilde."

"Mimi sikumpendelea hata mume wangu."

Watoto wakapita mmoja mmoja. Namba tisa alisahau mkono. Nilimfokea mpaka bata wa mferejini wakatawanyika.

Kisha huyo, Aaltje, mgongo wima, anakuja kwa raha zake. Akageuza shingo, vizuri kabisa. Mkono haukutoka.

"Nyoosha mkono, we mama!" nikanong'ona.

Wapi! Akafunga breki, akashuka, akasukuma baiskeli hadi kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Akangoja magari yapite, akavuka, akapanda tena ng'ambo. Karatasi yangu haikuwa na kisanduku cha jambo kama hilo.

Renske akamkimbilia, nami nyuma yake. "Mama, mkono una nini?"

"Hauinuki. Tangu Februari."

"Miezi miwili! Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie, uiuze siku hiyohiyo? Kila ninapokata kushoto nashuka. Nisichoweza nakijua, mwanangu. Wewe ndiye usiyejua ninachoweza."

Renske akaanza kulia palepale barabarani. Sikumcheka, maana na mimi nilikuwa napenga kamasi.

"Na siku miguu ikikataa, utaniambia?"

"Acha hizo habari za kuuza, nawe utakuwa wa kwanza kuambiwa."

Renske akafuta macho, akamwegemezea mama yake baiskeli vizuri, kisha akanigeukia. "Mama Hilde, andika amefaulu."

"Mimi siandiki kwa amri ya mtu," nikamjibu. Nilikwisha kuandika hivyo tangu Aaltje alipokuwa bado anangoja kuvuka.