Aliyemlea Hervé

Mwenze alikuwa na miguu ya dhahabu na roho ya pilipili. Mashabiki wa Lubumbashi walimwita Courant, yaani umeme, kwa sababu ukimgusa unarushwa, na maskini walidhani wanamsifia miguu tu. Ubelgiji waliijua tabia yake kabla ya kuujua mpira wake. Klabu ya kwanza alimzaba kocha kibao. Ya pili aliwavulia mashabiki jezi akawatupia, kisha akafuatisha kiatu. Ya tatu haikupatikana. Mwaka wa tisini na sita ulimkuta akisafisha ofisi za wakubwa wa Ulaya kule Schuman, Brussels, na hata huko alikuwa ameshagombana na msimamizi kwa sababu ya ndoo.

Ndipo Hervé, mdogo wake, akapata mchumba: Kahambu, binti wa watu wa Butembo, mwanafunzi wa uuguzi. Baba yao alikwishafariki zamani, kwa hiyo Mwenze ndiye angekalia kiti cha baba siku ya kuposa. Ili familia zizoeane, ikapangwa mechi baada ya misa, kwenye uwanja mmoja wa Evere: Katanga ya akina Mwenze kwa Kivu ya akina Kahambu, wababa watupu, vitambi mbele. Mwamuzi alikuwa Désiré, baba yake Kahambu, ambaye magoti yalikuwa yamemgomea.

Mwenze aliahidi hatafungua mdomo. Na kweli hakuufungua, alitumia mikono. Désiré alipomnyima penalti, Mwenze alimnyofoa filimbi shingoni, kamba ikakatika, akaitupa matopeni mbele ya wake na watoto. Mtu kumshika mkwe shingoni! Alipogeuka, alimwona Hervé amejifunika uso kwa viganja, na hapo aibu ikamwingia, aibu ile ya kutamani ardhi ipasuke immeze. Hasira hasara, walisema wazee, ila Mwenze methali hiyo huikumbuka baada ya hasara.

Aliyemvunjia mkwe heshima haendi kuomba radhi mikono mitupu, anapeleka mbuzi. Lakini Brussels mbuzi wa kuburuza kwa kamba utamtoa wapi, na utampandisha tramu gani? Thérèse, mke wa Mwenze, alienda kwa muuza nyama, akapewa mbuzi aliyekwishakatwakatwa, akakataa katakata kuondoka bila kichwa.

"Bon, bila kichwa, batajua je kama haiko kondoo?" alimwambia mumewe.

Jumapili iliyofuata waliingia nyumbani kwa Désiré, Laeken, mifuko mikononi, kile kichwa kimewekwa juu kabisa. Désiré alikuwa sebuleni na mkewe, maman Kasoki. Hervé alikuwa ameshafika, amekaa kwenye ncha ya kiti. Mwenze akapiga magoti kwenye zulia.

"Papa Désiré, niko naomba pardon. Nilikosa. Sina sababu."

Désiré alikitazama kichwa cha mbuzi, akacheka kidogo puani. "Bon. Mbuzi nimeona, pardon nimesikia. Filimbi ni kitu kidogo."

Mwenze akashusha pumzi. Lakini maman Kasoki hakucheka.

"Miye siogopi filimbi," alisema. "Naogopea binti yangu. Mutoto ni vile banamulea. Alors, Hervé, sema mbele yetu: ni nani alikulea?"

Jibu lilikuwa moja tu. Mama yao alimfuata baba kaburini Hervé akiwa hajaota meno. Ni Mwenze aliyemwogesha, aliyembeba mgongoni hadi mazoezini na kumlaza juu ya mifuko ya mipira, aliyempeleka shule, aliyemvusha mpaka Ulaya. Na katika miaka yote hiyo, mgomvi huyu wa makocha hakuwahi kumwinulia mkono mtoto yule. Lilikuwa jambo pekee maishani mwake asilolionea haya.

Hervé alimtazama Kahambu, aliyesimama mlangoni na trei ya glasi. Mwenze aliona kwamba ukweli utamkosesha mke, na uongo utamkaba koo, akamtua mzigo.

"Ni nkambo yetu njo alimulea," alisema, bado yuko magotini. "Mama ya baba. Mwanamuke wa sala, mupole sana. Mimi sikukuwako, maman. Mimi nilikuwa na mpira tu."

Bibi huyo alikufa kabla Hervé hajazaliwa.

Maman Kasoki alimgeukia kijana. "Ni kweli?"

Hervé alitazama chini. Masikio yake yalikuwa yanawaka moto.

"Ni kweli, maman."

"Basi, Mungu asifiwe kwa ule nkambo." Uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza siku ile. Akawaambia wote wasimame, wamwombee bibi yule pumziko jema kwa kazi nzuri aliyoifanya. Wakainamisha vichwa, wakaomba. Mwenze aliitikia amina. Hervé hakuweza.