Shangazi Alivyorudi na Mafuta

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, malori matatu yalipangwa mbele ya pampu ya kampuni, kila moja na tani ishirini na nane za saruji mgongoni. Mhandisi wa ofisini aliagiza matangi yajazwe mpaka shingoni. Kila moja likishajaa, aligonga ubavu wake kwa kiganja ili hewa itoke, kisha akaongeza robo lita. Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi: kilomita mia nne kwenda, mia nne kurudi, halafu kila tangi lijazwe tena mpaka pale pale. Mafuta yatakayoingia ndiyo yaliyonywewa na injini.

Lori jeupe lilikuwa na injini mpya yenye vihisio arobaini na kompyuta yake. La bluu nalo lilikuwa na injini mpya, yenye nguvu za kupanda mlima bila kushusha gia. La tatu lilikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, na gereji nzima ililiita Shangazi, kwa sababu lilikuwapo kabla yao na lilikuwa na maneno mengi kabla halijapata moto. Injini ya Shangazi ilishafunguliwa yote mara nne, na mara zote nne aliyeifungua na kuifunga ni fundi mmoja, mwanamke waliyemwita Mama Nozeli.

Mama Nozeli alikuwa na miaka hamsini na saba, na alikuwa kibarua. Ndiyo, kibarua! Miaka ishirini na miwili ya kusaini kila asubuhi na kuambiwa kesho uje. Ofisini walisema hana cheti. Wenye vyeti aliwafundisha yeye mwenyewe, wakaajiriwa, na wawili kati yao sasa walikuwa wakubwa zake. Lakini safari hii meneja alitamka mbele ya watu: Shangazi akizishinda injini mpya, Mama Nozeli anapata barua ya ajira ya kudumu, na kiinua mgongo chake kitahesabiwa tangu siku ya kwanza. Akishindwa, lori linakwenda kukatwa vyuma, na fundi wake naye akapumzike.

"Akapumzike wapi?" wifi yake alikuwa amemuuliza alfajiri, akimkabidhi chupa ya chai. Waliishi nyumba moja tangu kaka aliyewaunganisha afariki. "Humu ndani na mimi? Thubutu! Wewe ukikaa bure siku mbili utanifungulia jiko uangalie lina nini."

Saa nne asubuhi simu ya Mama Nozeli ililia. Alikuwa Kipara, dereva wa Shangazi.

"Mama, linamwaga."

"Linamwaga nini?"

"Dizeli. Inatokea kwenye mfuniko wa tangi. Tangi limejaa limezidi."

"Uko wapi?"

"Nimemaliza mlima sasa hivi."

"Basi simama uchote. Usiache imwagike barabarani, wenye pikipiki watateleza."

Kipara alinunua madumu katika duka la kando ya njia, akachota, akaendelea. Baada ya kilomita sabini akachota tena. Kwenye mzani wa barabarani walimwambia amezidisha kilo kumi na tano, na kwa kuwa hakuwa mtu wa mabishano, akampa dumu zima mwenye trekta aliyekuwa amekwama hapo tangu jana. Mwenye trekta alisema ahsante, akauliza kama kuna mpira wa kunyonyea.

Jumanne mchana lori jeupe lilirudi la kwanza, likajazwa lita mia tatu na nne. Lilikuwa limesimama njiani mara mbili, kwa sababu kihisio kimoja kilidhani vumbi ni moshi, na dereva alilazimika kungoja kompyuta itulie. La bluu likaingia lita mia tatu thelathini na sita, na mpira wa maji umefungwa kwa kipande cha shati la dereva. Shangazi aliingia saa tisa, taratibu, na madumu matatu yamefungwa kamba nyuma ya kichwa. Mhandisi alichomeka bomba la pampu kwenye tangi, na pampu ikajikata papo hapo.

"Haiingii," alisema.

"Si limejaa," alisema Kipara.

Mhandisi alipima madumu. Lita sitini na moja. Akaitazama fomu yake, ambayo ilikuwa na safu moja tu ya mafuta yaliyotumika.

"Hii niiandike wapi?"

"Weka sifuri," alisema meneja.

"Sifuri ni uongo, bosi. Haya yamezidi."

Walimwita Mama Nozeli. Alisema ni jambo la tangu zile mvua kubwa, mwaka wa tisa sasa. Alibadilisha nozeli zote sita za kupulizia dizeli, akapanga valvu upya kwa sikio, na Shangazi akaanza kurudisha mafuta. Mwanzoni ilikuwa lita tano, sita, basi.

"Na mbona hukusema?" aliuliza meneja.

"Niliandika barua tatu."

Karani alithibitisha kuwa barua zilifika. Alizitupa mwenyewe, kwa sababu barua za wafanyakazi huwekwa kwenye faili la mfanyakazi, na kibarua hana faili. Maelezo yake yalikuwa wazi na hakuna aliyeyapinga.

Ikaamuliwa jaribio lirudiwe Alhamisi. Tangi la Shangazi lilikaushwa mpaka zikabaki lita kumi, mfuniko ukapigwa lakiri ya risasi, na mhandisi mwenyewe akapanda pembeni mwa Kipara akiwa na daftari na mto wa kukalia. Usiku wa kuamkia Ijumaa Mama Nozeli hakupata usingizi. Hakuwa na shaka na nozeli. Shaka yake ilikuwa kwenye gasketi ya kichwa cha injini, ambayo aliiomba ofisini mwezi wa pili na akaletewa isiyo saizi yake, akaikata kwa mkasi.

Ijumaa saa nane Shangazi alipiga honi getini. Mhandisi aliteremka akiwa na mikono myeusi mpaka kwenye viwiko na uso wa mtu aliyetoka harusini. Akakata lakiri mbele ya wote, akazamisha ufito wa kupimia, akautoa.

"Lita mia mbili na tatu," alisema. "Na halikukohoa hata mara moja. Mlima mzima! Tumelipita lile jeupe limesimama linajipima homa."

Weee! Gereji ililipuka. Waligonga spana kwenye mapipa, waligonga ringi, waligonga kila kilichogongeka. Kipara alivua kofia akaitupa juu ya paa na hakujali. Mama Nozeli alipandishwa kwenye bampa, akacheza huko huko juu na mabuti yake, na alifurahi mpaka magoti yakasahau kuuma. Wale wakubwa zake wawili ndio waliopiga kelele kuliko wote, wakimwita mwalimu. Meneja akampa mkono, akasema kampuni haiwezi kumsahau.

Na kweli, Jumatatu iliyofuata ofisi ilikuwa imechapisha fomu mpya zenye safu ya mafuta yaliyorudishwa. Meneja aliwakusanya wote uani, akafungua bahasha yenye nembo, akasoma barua ya ajira ya kudumu. Ilikuwa ya Shangazi. Angehesabiwa kazini tangu siku aliyoingia kampuni, angepata matunzo na likizo ya siku ishirini na nane kila mwaka, na asingekatwa vyuma hata akizeeka vipi. Watu walipiga makofi, maana alistahili. Mama Nozeli alipiga kuliko wote.

"Na yangu?" aliuliza makofi yalipotulia.

"Nafasi ilikuwa moja, mama," alisema karani kwa upole. "Na yeye ana kadi ya gari, hiyo tumeipokea kama cheti. Yako inashughulikiwa."

Barua ilihitaji sahihi ya mwajiriwa, na mwajiriwa hakuwa na mkono. Karani akatafuta mtu wa kusaini kwa niaba yake, mtu wake wa karibu, na gereji nzima ikamgeukia mmoja. Mama Nozeli alijifuta vidole kwenye ovaroli, akaandika jina lake kamili pole pole, bila kosa. Kwenye mstari wa cheo akaandika: kibarua wa siku. Karani akapiga muhuri, na makofi yakaanza upya.