Dakika Nne za Kimya

Kila Ijumaa mchana Akello aliwatumia wasomaji wake taarifa aliyoiita Wino na Picha. Ilikuwa fupi, ya kusomwa kwenye simu: kitabu gani kimetoka, nani anaandika nini, hadithi gani inageuzwa filamu, na mwisho uhakiki wa kitu alichokisoma au kukitazama yeye mwenyewe. Alianza na wenzake kumi na mmoja walipomaliza chuo. Sasa walikuwa mia sita na kitu: walimu, wenye maduka wa Jinja, watoto wa kambi za askari waliokua na Kiswahili kama yeye, na Wakenya wachache ambao hawakukosa la kumsahihisha. Hakuna aliyemlipa. Akello aliamini, wala hakuona haya kuamini, kwamba mtu akiambiwa vizuri habari za kitabu kizuri, atakitafuta.

Kitabu alichokipenda kuliko vyote ni Saa ya Kuhesabiwa, cha Afande Masaba, askari magereza mstaafu aliyekuwa akiishi Busiu, nje kidogo ya Mbale. Baba yake Akello naye alikuwa askari magereza, na kitabu hicho ndicho kilichomwonyesha mtu aliyekuwa ndani ya zile sare zilizoanikwa kambani nyumbani kwao. Kulikuwa na sura moja aliyoirudia kila mwaka. Mfungwa anapata barua Jumapili, baada ya ibada: mama yake amefariki. Askari, ambaye zamu yake imekwisha, haendi nyumbani. Anakaa nje ya mlango wa mfungwa mpaka watu wanapohesabiwa jioni. Kurasa nne, na hakuna anayesema neno.

Basi Akello aliposikia kwamba Nabifo, binti wa Afande Masaba, ametengeneza filamu ya kitabu hicho, alihesabu siku. Nabifo aliipiga kwa Kimasaba, lugha ya waigizaji wake wa Mbale. Kabla ya kuionyesha rasmi kwao Mbale, alitoa nakala moja kwa kibanda cha video cha Nalufenya, Jinja, aone watu wataipokeaje. Akello, mtu wa kaskazini, hakujua Kimasaba hata cha kuombea maji. Lakini kibandani palikuwa na Siraj.

VJ Siraj, mtafsiri wa filamu wa pale, alikaa kando ya skrini na kipaza sauti, akapunguza sauti ya filamu na kuwasemea waigizaji wote kwa Kiswahili, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto. Alikuwa hodari kweli. Kila mtu alijua kwamba huongeza chumvi: jambazi wa ng'ambo akikimbia, Siraj atasema anawahi soko la Buwenge. Watu walilipa kumsikia yeye kama walivyolipa kuona picha.

Siku hiyo alitania mwanzo mwanzo, kisha akatulia. Ilipofika sehemu ya mlangoni, kamera ilikuwa kando ya askari, kivuli kimemficha uso. Na askari akazungumza, kwa sauti ya Siraj, sauti nzito ya msibani: "Pole, ndugu yangu. Hata mimi mama yangu alikufa nikiwa kazini. Niliomba ruhusa, nikaambiwa ngoja. Serikali haina mama."

Kibanda kizima kiliguna. Mama mmoja aliyekuwa na kapu la mandazi alijifuta macho. Akello alitoka nje kwa hasira, na Ijumaa akaandika: "Mwongozaji ameogopa kimya. Mahali ambapo kitabu kilimpa askari kiti tu, filamu imempa hotuba. Wanaokipenda kitabu wabaki na kitabu."

Jumatatu simu iliita.

"Wewe ndiye Akello wa Wino na Picha?"

"Ndiye mimi, dada."

"Mimi naitwa Nabifo. Nina swali moja tu. Hotuba gani?"

"Ile ya mlangoni. Anaposema serikali haina mama."

Nabifo akavuta pumzi. "Mimi askari wangu hasemi kitu pale. Dakika nne. Nilimlipa yule mwigizaji akae. Uliitazama wapi?"

"Nalufenya. Kwa Siraj."

"Ayi, mama!" alisema Nabifo, na Akello hakujua kama anacheka au analia. "Sikiliza, dada. Baba hajaiona hata picha moja. Aliponiruhusu, alinipa sharti moja: pale mlangoni, asiseme mtu. Sasa amesoma maneno yako. Hanigombezi. Amesema Jumamosi, tukiionyesha Mbale, atabaki Busiu na mahindi yake. Nikimweleza, anasema kila mfungwa ana maelezo."

Akello alikaa kitandani na simu mkononi. Siraj akiongeza, huongeza kwa mzaha. Ndivyo alivyojiambia pale kibandani. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu yule anaweza kuongeza kwa huzuni.

Alimkuta Siraj kibandani, akifagia kabla ya watu kufika.

"Nilifanya nini?" Siraj aliuliza, ufagio mkononi. "Dakika moja ya kimya hapa, wanapiga kelele: VJ umelala, rudisha pesa! Siku ile hawakupiga kelele, Akello. Ndiyo maana nikaogopa. Nikaona watu wazima wanakaribia kulia, na mimi nimeshika kipaza sauti kama mtu aliyeshika maji wakati nyumba inaungua. Nikasema yaliyonijia."

"Yalitoka wapi?"

"Mama yangu alizikwa nikiwa Mbale kwenye kazi ya mtu." Akaegemeza ufagio ukutani. "Wewe ulidhani ni ya filamu? Basi nilitafsiri vizuri."

"Umeniponza, Siraj."

"Nimekuponza mimi, au umejiponza kuandika kuhusu lugha usiyoijua?"

Akello akamwomba amwonyeshe sehemu ile bila kipaza sauti, na Siraj akaifungua, akakaa naye kwenye benchi la mbele, mikono katikati ya magoti kama mtu aliyefungwa mdomo. Dakika nne. Askari aliketi. Alivua kofia. Kisha akainama, akalegeza kamba za viatu vyote viwili, akaegemea ukuta. Ndege fulani alisikika mbali, na mtu akikohoa ndani ya chumba. Basi.

Filamu ilipoendelea mbele, Siraj alisema taratibu, "Ni nzuri kunishinda. Usiwaambie watu."

Siku hiyohiyo, bila kungoja Ijumaa, Akello aliandika kwa wasomaji wake: "Niliyoyalaumu hayamo ndani ya filamu. Niliisikia kwa mdomo wa mtu mwingine na sikusema hivyo. Kosa ni langu." Majibu yalikuja mengi, na kama kawaida Mkenya mmoja alimsahihisha nukta. Kutoka kwa Nabifo ulikuja mstari mmoja: "Asante. Nimemsomea baba. Amesema ripoti ya pili huandikwa na mtu aliyekwisha kubanwa; haji."

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi Akello alishuka Busiu, akaulizia kwa Afande Masaba, akaonyeshwa nyumba yenye mahindi yaliyotandazwa uani. Mzee alikuwa akiyageuza kwa reki, mgongo umenyooka kama yuko gwaride.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa gazeti la simu."

"Ndiyo, Afande."

"Binti yangu amekutuma?"

"Hapana. Hajui nimekuja."

Mzee aliendelea kuvuta reki. "Kaa kivulini. Uliandika vizuri ile ya kwanza. Ulikielewa kitabu changu."

"Nilikielewa kitabu, Afande. Filamu sikuielewa. Nimeiona tena sehemu ile bila mtafsiri, na hakuna anayesema neno."

"Wanasema. Mtu wa picha hawezi kukaa kimya, atauza nini?" Reki ikasimama. "Mimi nilikaa magereza miaka thelathini na moja, binti. Najua mtu anapokuja kumwombea mwenzake. Huja asubuhi, na nguo safi."

Akello alijitazama nguo, akataka kucheka, akajizuia. Hakuwa na kingine zaidi ya alichokiona, basi akakisema kama alivyokiona: kiti, kofia, ndege, mtu kukohoa. "Halafu akalegeza kamba za viatu," alisema. "Vyote viwili. Hiyo haimo kitabuni. Nilirudi kutafuta."

Mzee aligeuka. "Alilegeza nini?"

"Kamba, Afande."

"Kabla ya kuvua kofia, au baada?"

"Baada."

Afande Masaba aliweka reki chini polepole, akaketi kwenye kigoda mlangoni pake. Aliyatazama mahindi.

"Askari mwenye sare halegezi kamba," alisema hatimaye. "Ni kosa. Ukilegeza, umesema huendi popote. Mimi nililegeza siku ile, na nilipoandika niliificha, kwa sababu Afande mkuu wangu alikuwa bado hai na angesoma." Akapangusa uso kwa kiganja. "Binti yangu amejuaje? Sikumwambia mtu."

"Sijui, Afande."

"Mama yake alipolazwa hospitali," alisema mzee, kana kwamba Akello hayupo. "Wiki tatu. Nilikuwa nakaa kando ya kitanda nikitoka kazini. Huyu alikuwa na miaka sita, anacheza chini ya kitanda na kamba za viatu vyangu nilizozilegeza." Kisha akasimama ghafla na kusema kwa ukali, "Saa ngapi inaanza?"

"Saa nane, Afande."

"Na wewe umekaa tu! Nisaidie kuingiza mahindi, mvua ya hapa haina adabu."

Waliingiza mahindi, magunia matatu, mzee akitoa amri na Akello akizitii. Walifika Mbale filamu imeshaanza. Ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa nusu. Nabifo, mwanamke mfupi aliyevaa suruali na shati la kiume, alikuwa amesimama nyuma kando ya mashine. Aliona nani anaingia, akaweka mkono mdomoni, na hakusogea mpaka mwisho.

Akello hakuelewa maneno. Watu walicheka mahali fulani, naye hakujua kwa nini. Palepale mzee kando yake alinung'unika kwa hasira, naye hakujua kwa nini pia. Ilipofika sehemu ya mlangoni hakumtazama mzee. Aliona si haki kumtazama. Alisikia tu kwamba ukumbi mzima umeacha kusogeza viti.

Taa zilipowashwa, Nabifo alikuja kwa hatua ndogo ndogo, akapiga goti mbele ya baba yake kama desturi ilivyo, wala hakuinua uso.

"Umekata sura ya tisa," alisema Afande Masaba.

"Nimeikata, baba."

"Yote?"

"Yote."

Mzee alitafuta fimbo yake, akaikuta, akaishika. "Yule wa kuchapisha aliniambia niikate, nikamfukuza nyumbani kwangu. Ilikuwa ndefu." Akamgusa binti yake begani. "Inuka. Sakafu ina vumbi."

Nabifo aliinuka akilia na kucheka pamoja, akamwona Akello. "Dada! Sasa utaandika lini?"

"Sijui," alisema Akello. "Nimeelewa nusu. Naweza kusema nilichoona, lakini walichosema sikijui."

"Kaa hapo basi," alisema mzee, akipiga benchi kwa kiganja. "Tutakueleza toka mwanzo. Yule wa kwanza kuingia anamwambia mwenzake amechelewa."

"Hapana, baba, anamwambia alale vizuri."

"Kwa Kimasaba chetu cha Busiu, ile ni kuchelewa."

"Niliiandika mimi!"

"Na mimi niliandika kitabu."

Akello alifungua daftari juu ya goti, huku watu wa kanisa wakifagia kuwazunguka. Akauliza tena yule askari alisema nini hasa, akapewa majibu mawili, akayaandika yote mawili.