Majina ya Wanawake Ndani ya Kompyuta

Zainab alifika Thika saa nne na nusu na kumkuta mjukuu wake, Hayat, ameketi kwenye kiti cha wateja. Hilo peke yake lilimwambia kwamba mambo hayakuwa mazuri. Tangu mwezi wa tano, Hayat alipoanza kazi katika ofisi ile ya kuchapa barua, nyanya yake alikuwa akipita hapo kila siku ya soko na kumkuta mbele ya kompyuta, mgongo umenyooka, vidole vinakimbia. Leo kiti chake kilikuwa kimekaliwa na Chege, mwenye ofisi. Ilikuwa Julai, baridi inauma mpaka kwenye mifupa, lakini shati la Chege lilikuwa limelowa jasho.

Nyuma ya Zainab aliingia Benta, mwenyekiti wa kikundi cha maji cha Ngoliba. Benta alikuwa amekuja upande huu miaka mingi iliyopita, mumewe alipopata kazi kwenye mashamba ya mananasi, na mume alipofariki yeye akabaki. Wawili hao walikuwa wamekuja kuchukua orodha ya watu waliochimba mtaro wa maji. Ofisa wa maji angepita hapo saa sita kuichukua, na kwa orodha hiyo angeamua mabomba yasimame wapi.

Chege aliwaeleza bila kuwatazama. Orodha haikuwepo. Ilikuwa imechapwa na Muthoka, karani aliyekuwepo kabla ya Hayat, kijana mpole ambaye mwezi wa nne aliacha kazi akarudi kwao Makueni kumwuguza mama yake. Kule hakukuwa na simu. Tangu asubuhi Chege alikuwa ameiuliza kompyuta kuhusu Ngoliba, akaiuliza kuhusu maji, akaiuliza kuhusu mtaro, na kila mara ilimjibu kwamba hakuna kitu kama hicho. Ndipo alipokumbuka kwamba Hayat alipoanza kazi, yeye mwenyewe alimwambia aondoe takataka za Muthoka kwa sababu mashine ilikuwa imejaa.

"Nilimwambia afagie," Chege alisema. "Sikumwambia abomoe nyumba."

Hayat alijibu kwa sauti ya chini kwamba alifuta michezo miwili tu, ule wa karata na ule wa ndege. Chege akasema kila anayeharibu husema hivyo hivyo, na kwamba msichana bado yuko kwenye miezi ya majaribio. Saa sita ikifika bila orodha, achukue mkoba wake aende nyumbani.

Benta aliuliza kama haiwezekani kuandika upya. Halafu akajijibu mwenyewe. Daftari ambalo Muthoka aliandikia majina lilikuwa limehifadhiwa chini ya kitanda cha Benta, na mvua za Aprili zilipokuja, mchwa walikuja nazo. Kilichobaki kilikuwa jalada tu. Kuzunguka upya Ngoliba nzima kungechukua wiki mbili.

Zainab aligeuka. Alimtazama mjukuu wake. Alikuwa amemlea tangu akiwa na miaka minne, na alijua kwamba Hayat akiazimwa sufuria huirudisha ikiwa safi kuliko alivyoichukua. Alikumbuka pia ule mwaka ambao msichana alikaa kwa mjomba wake Mugutha, akitembea kila asubuhi hadi Ruiru mjini kusomea kompyuta. Chuo kilikuwa na mashine nne na wanafunzi thelathini. Wenzake waliposukumana, Hayat alikaa pembeni akisoma kitabu cha maelezo mpaka zamu yake ifike, na ilipofika alikuwa na maswali ambayo mwalimu naye alilazimika kwenda kuyatafutia majibu. Mtu kama huyo haharibu kitu kisha akanyamaza.

"Mwanangu," Zainab alimwambia Chege, "umetazama hiyo mashine tangu asubuhi. Pumzisha macho kidogo. Mwache naye atafute."

Chege aliinuka kwa shingo upande. Lakini kabla ya kusogea kando alivuta stuli, akaipangusa kwa mkono na kuiweka karibu na kompyuta ili nyanya huyo aweze kuona akiwa ameketi. Zainab aliliweka hilo moyoni. Mtu aliyekasirika akikumbuka magoti ya mzee, bado kuna mahali pa kuzungumza naye.

Hayat aliketi. Alitoka kwanza kwenye ukurasa ule wenye maandishi ya buluu ambao Muthoka alikuwa ameutengeneza ili kila mtu afungue barua kwa kubonyeza namba tu. Kioo kikabaki cheusi, na kialama kimoja kidogo kikipepesa kikimsubiri. Akaandika herufi tatu, d, i na r. Hapo hapo majina ya faili yakapanda kioo kizima, mstari juu ya mstari, kama siafu waliomwagiwa maji, kisha yakasimama.

"Unaona?" Chege alisema. "Ndiyo hayo. Nimeyasoma mara kumi."

"Hayo ni ya mwisho tu, bosi. Mengine yamepita juu kabla hujayaona."

Akaandika tena zile herufi tatu, safari hii akaongeza mkwaju, ule mstari ulioinama, na herufi p. Majina yalijaza kioo na kusimama yenyewe, yakingoja mtu abonyeze ndipo yaendelee. Chege alisogea karibu. Asubuhi yote alikuwa akisoma mkia wa orodha akidhani ndio mwili.

Zainab aliomba aelezwe anachokitazama, na Hayat, pamoja na presha yote ile, hakumharakisha. Alimwonyesha kwa kidole kwamba upande wa kushoto ni jina la faili, kisha ukubwa wake, kisha tarehe na saa ya mwisho ambayo mtu aliibadilisha. Na pale palipoandikwa DIR mahali pa ukubwa, hiyo si barua. Hicho ni chumba, na barua ziko ndani yake. Ukisimama mlangoni huzioni, lazima uingie.

Wakaenda ukurasa kwa ukurasa. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na vitu vya mashine yenyewe. Wa pili ulikuwa na kazi za wateja, ratiba za mazishi, kadi za harusi, barua za kuomba kazi. Benta alikuwa akitazama saa ya ukutani, na saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa tano na nusu. Kwenye ukurasa wa tatu Hayat alibonyeza haraka ili apite.

"Hapo mbona umekimbia?" Zainab aliuliza.

Hayat aliona haya kidogo. Alisema hivyo vilikuwa vyumba vya Muthoka mwenyewe, mambo yake binafsi. Aliviona mwezi wa tano alipokuwa akisafisha mashine, akaviacha. Hakuvifuta na hakuvifungua, kwa sababu pengine Muthoka angerudi siku moja kuvichukua.

Chege alikohoa. Akakiri kwamba naye alikuwa ameviona, siku moja alipopita nyuma ya Muthoka akiwa kazini. "Vyote vina majina ya wanawake," alisema. "Sita. Nikajiambia, kumbe huyu mpole yuko hivi! Lakini mambo ya mwanamume na barua zake mimi siingilii."

"Rudi," Zainab alimwambia mjukuu wake. "Nisomee hayo majina. Herufi ni ndogo kwangu."

Hayat alirudi. "Wakonyo," alisoma. "Rachael. Benta."

"Benta gani?" Benta aliuliza.

"Benta tu."

"Ningejua nina mpenzi Makueni ningenunua viatu vipya."

Hata Chege alicheka. Zainab peke yake hakucheka. Alikuwa ameinua mkono kama mtu anayesikiliza hatua nje ya mlango.

"Soma tena, polepole," alisema. Na Hayat aliposoma majina yote sita, nyanya yake alishusha pumzi ndefu. "Hao si wapenzi wa mtu. Hao ni wapishi."

Kisha akaeleza, naye Benta, aliyekuwa mmoja wa wapishi hao, akawa anatikisa kichwa kukubali kabla hata hajamaliza. Mtaro ulichimbwa Februari na Machi, kutoka kilimani hadi madukani, na watu waligawana sehemu. Kila sehemu ilikuwa na sufuria yake kubwa ya githeri, mahindi na maharagwe, na mwanamke wa kuipika. Hakuna aliyesema yeye ni wa sehemu ya kwanza au ya tatu. Ukimwuliza mtu anachimba wapi, angekuambia, mimi ni wa Wakonyo, mimi ni wa Rachael, yaani pale ninapokula. Muthoka alikuwa akija kila Ijumaa, na kwa kuwa saa ya chakula ndiyo saa pekee ambayo watu wote walikuwa wameketi, alizunguka sufuria kwa sufuria akiandika majina. Hakujua Ngoliba kwa njia nyingine. Bila shaka aliyapanga kwenye kompyuta vile vile alivyoyapata.

Zainab mwenyewe alikuwa wa Wakonyo. Februari ilikuwa Ramadhani, naye alikuwa amefunga, kazi yake ikiwa kubeba mawe madogo kwa karai. Wakonyo ni mtu wa kanisa, hakuwa na sababu ya kuhesabu siku za saumu za mtu mwingine, lakini kila mchana kabla ya kumpakulia mtu yeyote alitenga sehemu ya Zainab kwenye kibakuli chenye mfuniko, aende nayo nyumbani akafuturu. Hakuna aliyemwomba.

Hayat aliandika amri ya kuingia chumbani kwa Wakonyo, kisha zile herufi tatu. Ndani mlikuwa na faili moja tu, iliyoitwa WATU. Akatoka kwa kuandika amri yenye nukta mbili, akaingia kwa Rachael, akakuta faili ya jina hilo hilo. Akaingia kwa Benta, na kwa wale wengine watatu. Aliviingia vyote sita bila haraka, kama mtu anayepita kusalimia majirani na hataki kuruka nyumba.

Alipomaliza aliandika amri moja ndefu zaidi, na faili zote sita zikajitokeza pamoja, kila moja chini ya chumba chake. Akaweka mikono mapajani. Aliacha kioo kimjibu Chege.

Chege aliinama, akasoma majina, halafu macho yake yakahamia kulia, kwenye tarehe. Alizifuata kwa kidole. Tarehe ishirini na tano Februari. Tarehe nne Machi. Ya mwisho kabisa ilikuwa tarehe kumi na nane Machi.

"Wewe ulianza Mei," alisema.

"Ndiyo, bosi."

"Hakuna aliyezigusa tangu Machi."

"Hakuna, bosi."

Chege alisimama wima. Angeweza kulimaliza jambo hilo kwa kusema haya basi, tuchape, na Zainab aliona jinsi wazo hilo lilivyompitia usoni. Lakini hakulifuata.

"Hayat, nimekukosea," alisema, mbele ya nyanya na mbele ya mteja. "Mimi ndiye sikujua kutafuta, nikakuita mharibifu. Nisamehe."

Hayat aliitika kwa kichwa. Akafungua faili ya kwanza. Majina yalikuwepo, nyumba kwa nyumba, na mbele ya baadhi yake Muthoka alikuwa ameongeza maneno machache. Zainab alimwomba amsomee mstari wake. Uliandikwa hivi: Zainab, mama Ibra, magoti yanamsumbua, bomba lisiwe mbali. Zainab hakuwahi kumwambia kijana yule lolote kuhusu magoti. Lazima alimwona tu, siku moja, akiinuka kwa kushika ardhi.

Printa ilianza kulia kwa ule mlio wake wa kukereketa, karatasi zikatoka zikiwa zimeshikana kama mkeka. Benta alizipokea kwa mikono miwili, akihesabu nyumba. Nyumba mia mbili na kumi na nne. Hakuna iliyokosekana.

Ofisa wa maji aliingia saa sita na dakika tano akiwa na haraka zake. Alipopewa karatasi alipunguza haraka, akaketi, akazisoma ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Alisema amepokea orodha za vikundi vingi lakini hajaona iliyopangwa kwa kufuata mtaro wenyewe, sehemu kwa sehemu, na wazee wake wameonyeshwa. Akauliza ni nani aliyefanya kazi hiyo.

Chege alianza kusema ni ofisi yetu, akajikata katikati. Akamwonyesha Hayat kwa kiganja. "Ni huyu," alisema. "Bila yeye usingepata hata jina moja leo."

"Ni Muthoka aliyeziandika," Hayat alisema. "Yuko Makueni. Mimi nilizitafuta tu."

Ofisa akaandika jina la Muthoka kwenye daftari lake, kisha akamwomba Hayat naye ataje lake. Msichana alipokuwa akilitaja, Zainab alijitengeneza leso kichwani, akainuka kwenye stuli.

"Huyo ni mjukuu wangu," alimwambia ofisa, ambaye hakuwa amemwuliza.